Papa Akiwa Ubavuni mwa Chombo



Msimu wa kaskazi unapoingia na bahari ikatulia baada ya vishindo vya kusi, wavuvi wetu wa mwambao, kuanzia Kiunga na Lamu hata Mafia na Kilwa, huanza kuvitengeneza vyombo vyao ili wapate kutoka nje ya miamba na kuyaendea maji makuu, na miongoni mwa samaki wanaowatafuta huko hapana awatiaye hofu jamaa zao waliobaki nyumbani kama papa. Jioni hii nimekusudia kuzungumza nanyi juu ya kumvua samaki huyo kwa salama katika chombo kidogo, yaani ngalawa, dau au mashua ambayo watu watatu au wanne wakiingia, pamoja na mishipi yao na maji yao ya kunywa, huwa imekwisha jaa. Na nimelichagua jambo hili kwa sababu nina yakini kwamba wengi wetu tunamwogopa papa kwa upande usiokuwa wake, na upande wenye hatari hasa hatuutazami.

Mtu akitajiwa papa, mawazo yake hukimbilia kwenye meno. Meno hayo yapo kweli, safu nyuma ya safu, na lile ling'okalo hufuatwa na jingine maisha yake yote, wala sitaki mtu yeyote ayadharau. Lakini duniani kote watu wanaouawa na papa bila ya kumchokoza hawafiki 10 kwa mwaka, ukichukua wastani wa miaka mingi, ilhali Shirika la Kazi Duniani, katika makisio yake ya mwaka 1999, lilikadiria kwamba watu wapatao 24,000 hupoteza maisha yao kila mwaka katika kazi ya uvuvi. Na katika vyombo vidogo sababu yake aghalabu ni chombo kupinduka, au kujaa maji, au mtu kuanguka baharini. Mvuvi wa papa yumo katika hatari hiyohiyo ya wavuvi wenziwe wote, ila yeye ameiongezea uzito, kwa maana amejiunga kwa kamba na mnyama ambaye akifika urefu wa mita 3 uzito wake hupita kilo 100, naye mwenyewe amekaa katika chombo ambacho ubavu wake hauinuki juu ya maji zaidi ya kiasi cha mkono. Basi ninalolisisitiza leo ni hili: uzito wa papa aliye hai usiingie chomboni, wala nguvu zake zisiachwe kuuvuta ubavu wa chombo. Mengine yote nitakayoyasema yanatoka katika hilo.

Kazi hii huanzia pwani. Nahodha mwenye akili hatoki kabla ya kuwaambia watu wa diko anakokwenda na saa anayotarajia kurudi, wala hachoki kuwakumbusha vijana wake upo wa kufulia maji, kasia za akiba, maji ya kunywa ya siku mbili hata kama safari ni ya usiku mmoja, simu iliyofungwa vema ndani ya mfuko usiopenya maji, na majaketi okozi, ambayo baadhi ya vijana wetu huyabeba ili tu wayakalie. Kisha huutazama mkondo. Katika pwani ya Tanzania na sehemu kubwa ya Kenya mkondo huelekea upande wa kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kusi hukimbia mno, na wakati wa kaskazi hupoa, lakini kupoa si kusimama. Papa akishika ndoana jioni katika mlango wa Pemba, ambako kina hupita mita 500 na nanga haina la kufanya, chombo kitakuwa kinavutwa na yeye na kuchukuliwa na mkondo kwa wakati mmoja, na watu wote wakiwa wameinamia mshipi hapana atakayeona kwamba nchi imezama. Kwa hiyo mmoja wao awe na kazi ya kuangalia alama zake za nchi kavu, kama vile mnara wa taa ukipatana na kilima fulani, au minazi mirefu ikipatana na paa la msikiti, na asiiache kazi hiyo kwa tamaa ya kwenda kutazama samaki.

Vifaa navyo vina maneno yake. Mshipi wa papa sharti mwisho wake uwe waya wa chuma au mnyororo mwembamba, na urefu wake upite urefu wa papa mwenyewe. Wengi hudhani waya huo umewekwa kwa ajili ya meno tu, wakaufanya mfupi kama shibiri mbili, kumbe ngozi ya papa, ambayo ukiipapasa kutoka kichwani kwenda mkiani huiona laini na ukiirudisha mkono nyuma hukuchuna, huukata mshipi wa nailoni kila anapojizungusha. Ndoana iliyo bora ni ile iliyopinda sana, ambayo ncha yake imeelekea ndani, kwa sababu hiyo haimezwi hadi tumboni bali hushika pembeni mwa mdomo. Na iwe ya chuma kinachoshika kutu, ili papa akienda nayo isikae mdomoni mwake miaka. Katika habari ya chambo sina haja ya kuwafundisha watu wa pwani. Sehewa, kibua na kipande cha taa vyote humvuta. Nitasema tu kwamba huko Kizimkazi, hadi kati ya miaka ya 1990, walikuwa wakivuliwa pomboo ili wawe chambo cha papa, na leo pomboo haohao wakiwa hai ndio wanaowaleta wageni na riziki katika vijiji vile, nami nayahesabu mageuzi hayo kuwa miongoni mwa mambo mema yaliyotokea katika bahari yetu.

Ziko njia mbili za kumtega papa kwa ndoana, na kwa chombo kidogo moja ina fadhila kubwa kuliko nyingine. Ya kwanza ni kukaa na mshipi mkononi. Ya pili ni kuufunga mshipi kwenye chelezo kikubwa, au pipa lililozibwa vema, na kukiacha kielee mbali na chombo, kikiwa kimetiwa nanga kama maji yanaruhusu, ili papa akishika apigane na chelezo wala asipigane na watu. Chelezo hakichoki, wala kikizamishwa hakifi, na papa akikizamisha mara nyingi kitaibuka kila mara, hata nguvu zake zipungue bila ya mtu kuweka mkono wake. Anayependelea mshipi wa mkononi kwa ajili ya ufundi wake simlaumu, kwa sababu ni ufundi wa wazee na una utamu wake, lakini ayashike masharti yafuatayo kama anavyoshika sala zake.

Mshipi hauzungushwi mkononi, hata mara moja, hata kwa papa mdogo. Vidole vivishwe vitambaa au vipande vya mpira wa tyubu ya baiskeli, na mshipi upite ndani yake ukiwa huru kuponyoka. Ule uliokwisha vutwa ndani usiachwe ukatapakaa miguuni, bali mtu mmoja aukusanye ndani ya kapu tangu mwanzo hadi mwisho, kwa maana papa aliyeonekana amelegea huweza kushuka ghafla pima nyingi kwa pigo moja la mkia, na kitanzi kikiukuta mguu wa mtu humtoa chomboni kabla hajatamka neno. Nguvu za papa zipokelewe omo, kwa sababu chombo kikivutwa kwa omo hufuata, na kikivutwa kwa ubavu hulala. Na kama ni ngalawa, aliye omo aangalie sana mshipi usipite chini ya mrengu, kwani mrengu ambao siku zote hutusaidia chombo kisiyumbe, ukinaswa na mshipi huzamishwa, na ngalawa nzima huufuata. Tanga liwe limetuliwa na kufungwa. Shoka dogo, si kisu peke yake, liwe pale omo mahali ambapo hata gizani mkono unalifikia, na mtu aliyepewa amri ya kukata asingoje kuambiwa mara ya pili.

Hapo ndipo inapohitajika sauti moja. Wazee walisema manahodha wengi chombo huenda mrama, na sijui kazi nyingine ambamo maneno hayo huonekana kwa macho upesi kama hii, kwa maana papa anapoibuka kwa mara ya kwanza karibu, mweupe tumbo na mweusi mgongo, kila mtu huinuka atazame, na wote huinuka upande mmoja.

Nilipata kumtazama nahodha mmoja wa Kojani, mzee wa madago mengi, akimmaliza papa ambaye urefu wake ulipita nusu ya mashua. Alikuwa ameketi kitako omo, magoti ameyabana kwenye mataruma, na kijana wake mmoja akawa anavuta kwa pupa mpaka mishipa ya shingo imemsimama. Mzee akamwambia kwa upole, "Mwanangu, acha. Umechoka wewe, yeye bado." Kijana akajibu, "Haya, baba," akaulegeza mshipi, papa akaenda zake tena, akazunguka, akarudi. Ilikuwa hivyo mara baada ya mara, na kila aliporudi mzee hakumtazama kichwani, alitazama mkia. Alikuwa na kamba nene yenye kitanzi kipana, amekining'iniza kitanzi hicho kwenye ncha ya upondo kwa uzi dhaifu wa kukatika, na papa alipopita sambamba na chombo, amelala kidogo ubavu, mzee akakishusha kitanzi majini nyuma yake bila ya haraka, akaupisha mkia ndani, kisha akavuta, uzi ukakatika na kitanzi kikabana pale mwili unapokonda kabla ya mkia kupanuka. Hapo ndipo aliponyanyua sauti yake kwa mara ya kwanza, na alilosema ni, "Kaeni!" Wote wakakaa. Maji yaliruka yakaturowesha, mashua ikatikisika, lakini hapana aliyesimama, na mwisho wa kamba ulikuwa umekwisha fungwa tezi tangu zamani, kwa fundo linalofunguka kwa mvuto mmoja.

Alilofanya baada ya hapo ndilo ninalotaka kila kijana mvuvi alijue. Hakumpandisha papa, wala hakumpiga. Aliamuru mashua iende mbele polepole, mshipi wa kichwani akaulegeza, na papa akafuata nyuma kinyumenyume, amevutwa kwa mkia. Papa wengi wa maji makuu hupata pumzi kwa kwenda mbele, maji yakiingia mdomoni na kutokea kwenye matamvua. Akivutwa kwa nyuma, maji hayapiti kama yapasavyo, na mnyama yule ambaye watu wanne wasingemweza kwa mikono hulegea mwenyewe huku wao wamekaa wamepumzika. Hata hivyo mzee hakumwamini. Alipomleta ubavuni alimpiga kwa rungu la mti mgumu juu ya kichwa, kisha akapitisha kisu nyuma ya kichwa kuukata uti, na baada ya hayo yote bado alikataza mtu yeyote kuutia mkono mdomoni kutafuta ndoana. Waya ulikatwa ukaachwa. Ndoana huweza kununuliwa nyingine.

Nasisitiza hapo kwa sababu ajali nyingi za meno hutokea wakati huo ambao watu wanahesabu kazi imekwisha. Papa aliyekufa, na hata kichwa kilichokwisha tengwa na mwili, taya lake huweza kufumba kwa nguvu likiguswa, muda mrefu baada ya uhai kutoka. Tena mwili wake hauna mifupa migumu kama ya changu, umejengwa kwa gegedu, na kwa hiyo aliye hai hupinda hata akaufikia mkia wake mwenyewe. Anayemshika mkiani akidhani yuko mbali na kinywa amejidanganya. Na sakafu ya chombo yenye damu huteleza, basi imwagiwe maji na kufuliwa kila baada ya muda, hata kama watu wamechoka.

Jarife lina hatari zake nyingine. Wavu huo wenye matundu mapana hutegwa jioni na kuvutwa asubuhi, na mvutaji hajui kinachokuja, kama amekufa au yu hai, kama ni mmoja au watatu, naye papa akija amejiviringa, wavu wote ulio mbele yake umekuwa kamba moja nzito. Hapo watu wakikazana kuvuta kwa ubavu, chombo hulala na maji huingia, na miguu yao imo ndani ya wavu. Jarife livutwe kwa omo, likikaza lisubiriwe, na likishindikana likatwe. Isitoshe, wavu huu hauchagui. Tangu mwaka 2003 majarife ya Tanzania yaliyotegwa katika kina kirefu, hasa ya Tanga, yamemleta juu mara kwa mara silikanti, samaki ambaye wataalamu walidhani ametoweka duniani tangu zama za mijusi mikubwa mpaka alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938, na ambaye kwa ajili yake ilianzishwa hifadhi ya bahari huko Tanga mwaka 2009. Na upande wa Rufiji na Mafia jarife limewazamisha nguva, ambao sasa ni wachache mno, kwa kuwa nguva na kasa sharti waje juu kuvuta pumzi, na wavu hauwapi ruhusa. Mimi nikiulizwa ningechagua ndoana, na si kwa ajili ya wanyama hao peke yao, bali kwa sababu mwenye ndoana anaweza kukata waya akamaliza, na mwenye jarife husita, maana jarife ni mali nyingi, na kule kusita ndiko kunakozamisha watu.

Kukata ni sehemu ya ufundi huu. Papa aliyezidi kipimo cha chombo akatwe. Papa aliyeshika wakati wingu la mvua linakuja na upepo umekwisha geuka akatwe. Na wapo wa kuachwa hata kama chombo kinawaweza. Wale papa pingusi, wenye kichwa kilichotanda kama nyundo, wamepungua sana katika bahari zote, na mataifa yaliyopatana juu ya biashara ya viumbe vilivyo hatarini yaliwatia katika orodha yao mwaka 2013, kisha katika mkutano wa Panama wa mwaka 2022 yakaongeza jamii nzima ya papa wale ambao ndio wengi katika madiko yetu. Sababu yake aijua kila aliyewahi kupasua papa jike. Samaki wengine hutaga mayai kwa maelfu, ilhali papa wengi huzaa, tena baada ya mimba ya karibu mwaka mzima. Na yule papa mnene apandaye mitoni, ambaye baadhi ya watu humwita kwa jina la mto Zambezi, huzaa watoto baina ya mmoja na 13 tu. Nimewaona watoto hao wakitolewa tumboni juu ya mchanga wa diko, wametimia kila kitu, meno yamekwisha ota, wana kamba zao za kitovu, na mchuuzi akawasukuma kando kwa mguu kwa sababu hawana bei. Jike aliyevimba tumbo anatambulikana akiwa ubavuni, na kumkata pale hakumgharimu mvuvi ila kipande cha waya.

Aliyechukuliwa basi na atunzwe, kwani kumwua mnyama kisha kumwozesha ni dhuluma. Papa ana urea nyingi katika damu yake na minofu yake, na akikaa bila ya kuchinjwa vema hiyo hugeuka amonia, ndiyo ile harufu kali ipandayo puani sokoni. Atolewe damu mapema na matumbo yake yatolewe yangali mapya, lakini hayo yafanywe chombo kikiwa kimekwisha karibia ndani ya mwamba, si kule nje ambako damu yake itawaita wenziwe. Ini lisitupwe. Humo ndimo mtokamo sifa, mafuta yaliyopakwa mbao za mitepe na majahazi yetu karne nyingi kuzilinda na maji na wadudu, na hata leo fundi wa mashua huyaulizia. Nyama ipasuliwe vipande vyembamba, itiwe chumvi ya kutosha, ianikwe juu ya uchaga mahali penye upepo, na ng'onda litakalopatikana kwa njia hiyo, likapikwa kwa tui zito, halitaudhi pua ya mtu.

Limebaki la kurudi. Chombo kinachomvuta papa nyuma hakigeuki upesi, na katika siku za bamvua maji yetu hupanda na kushuka karibu mita 4, kwa hiyo mlango wa mwamba uliotoka nao asubuhi ukiwa mpana unaweza kuukuta saa sita una mawimbi yanayovunjika pande zote mbili. Ngojea nje mpaka maji yajae, hata ikiwa ni saa nyingi na watu wana njaa. Kama mawimbi ni makubwa, kamba ya mkiani irefushwe ili papa asije akasukumwa na wimbi akaupiga usukani, na yule mwenye shoka ahamie tezi akae karibu na fundo. Mkifika diko, watoto watakuja mbio kutazama, nao ni haki yao kutazama. Mmoja wenu ateremke kwanza akawaweke nyuma ya kamba, kisha papa apandishwe mchangani kwa mkia, kichwa kikiwa kimeelekea baharini.